Kilio Bila Maiti Lupangoni Kwako

Mwalimu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa, na kila mara neno la kwanza kunijia limekuwa "hakika". Nimelikata. Najua ungelikata wewe mwenyewe kwa penseli yako nyekundu, kisha ungenitazama juu ya miwani na kuniita lile jina, Monsieur Certainement, Bwana Hakika. Hakuna mtu anayeniita hivyo sasa. Wanafunzi wananiita Bwana Evariste, kwa adabu kabisa, na adabu hiyo inanichosha.

Basi nitafuata utaratibu wako. Ilianza namna gani, mulifanya nini, ikaisha namna gani, na nini bado hatuyue. Uliyaandika hayo ubaoni kila Jumamosi, katika masomo yako ya kuandika makala, kwa Kiswahili chetu cha hapa Élisabethville, mbele ya vijana wa doctorat, wanaotafuta shahada ya udaktari chuoni kwetu, karibu wote wametoka Ulaya na Kifaransa chao kirefu. Wengine waliyanakili mwaka mzima wakidhani ni istilahi za kitaalamu. Hukuwahi kuwaambia kwamba umeyatoa kwenye kilio.

Nianze na kilio chako mwenyewe, maana ulikuwepo lakini hukusikia. Ndugu zako walifika kwa treni kutoka Kongolo. Kaka yako mkubwa, Baba Lwamba, aliweka kiti chake karibu na mlango, akakataa bukari, ugali wetu, akakataa hata kunywa munkoyo, akabaki anamtazama Mama Filomena. Sote tulijua anachofikiri. Mama alikuwa amekuchemshia majani wakati wa ugonjwa, na majirani walimwona akikupelekea kikombe. Mume akifa bado ana nguvu zake, watu hawahitaji zaidi ya kikombe ili wamtaje mke.

Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuitazama desturi hiyo ya kilio kama shule. Mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa anasimama mbele ya wote, anaeleza ugonjwa ulivyoanza, alipelekwa wapi, alipewa nini, ukaishaje. Waombolezaji wanauliza wanachotaka. Wakiridhika, mkubwa wa familia anasema neno moja tu, "Tumesikia," na hapo moyo wa watu unatulia. Ulikuwa unawaambia wale vijana, "Pahali unaacha tundu, bantu batatia jina ya muntu mule." Walicheka. Walidhani ni mzaha wa mwalimu mweusi aliyetoka katika uchapaji.

Familia ilinichagua mimi, msaidizi wako uliyekuwa naye kila siku. Nilisimama. Nilisema miguu yako ilianza kuvimba baada ya Pasaka, ukaificha ndani ya soksi nzito ukidai ni baridi. Nilisema hospitali walitaja figo, na kwamba daktari mwenyewe alikiri hajui kwa nini zimeharibika. Nilipofika kwenye majani, nikasema majani. Sikuyaruka. Mama Filomena aliinamisha kichwa, nikahisi nimemuuza. Ndipo Baba Lwamba akauliza swali lake moja, kama uvimbe ulitangulia kikombe au ulikifuata. Nikamjibu kwamba ulitangulia, na kwamba nilikuwa nimekuvua viatu kwa mikono yangu darasani, mbele ya wanafunzi, kabla mama hajachuma jani hata moja. Alitazama miguu yake mwenyewe muda mrefu. Kisha akasema, "Tumesikia." Mama Filomena alianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na nikaelewa kwamba hadi dakika ile alikuwa amezuiwa na woga hata asikulilie wewe.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba somo lako lote ulikuwa umenipa bure, na mimi nilikuwa nimelichukulia kama somo la kuandika tu.

Sasa nikupe habari za baada yako. Ile nafasi yako ya ukatibu wa jarida hapa chuoni nimepewa mimi. Ulianzia kwa mapadri, ukipanga herufi za chuma hadi ukazijua sentensi mbovu kwa kuzigusa. Mimi nimeanzia juu ya kiti chako, na bado nakikalia pembeni. Masomo ya Jumamosi nayo niliachiwa. Profesa wetu, yule mrefu anayepiga chafya kila jakaranda zinapochanua, aliniita ofisini akanieleza kwa upole kwamba yalikuwa yanasimama kwa jina lako. Na jina lako limeondoka.

Unakumbuka makala ya Gabriel. Ndiyo ile iliyokuwa juu ya meza yako ulipolazwa, nusu yake nyekundu, nusu yake bado nyeupe. Gabriel Kasongo, kijana wa Manono, Mwafrika pekee katika kundi lile la doctorat, aliyewapima watoto wa Kenya, mtaa wetu huu wa mjini, wanaoachishwa ziwa ili ajue kwa nini wengine miguu inavimba na nywele zinabadilika rangi. Ilipelekwa kabla hujaimaliza, na kamati ya jarida, inayokaa Ulaya, iliirudisha siku chache baada ya kukuzika. Walisema hawaoni mwandishi alifanya nini wala aliona nini. Bila makala iliyochapishwa, Gabriel hangeruhusiwa kuitetea kazi yake ya doctorat. Na Profesa akaongeza kwamba ikirudishwa tena, masomo ya Jumamosi yatafungwa, na chumba kitatumika kuhifadhia mawe ya Joris.

Joris unamjua. Yule Mflamingi wa Ubelgiji mwenye masikio mekundu, anayetafuta doctorat yake katika mawe ya migodi ya Kambove. Alikuja kuniambia kwamba mawe yake hayataki chumba kile. Nilimpenda kwa hilo, ingawa makala zake zinanitia usingizi.

Niliisoma makala ya Gabriel upya. Ilikuwa imevaa suti ya harusi. Kila sentensi ilikuwa na tai. Nilimwuliza kama akina mama waliompa watoto wao wapimwe wameshaisikia, akasema hapana, itakuwaje, iko kwa Kifaransa na bado haijachapishwa. Nikamkumbusha sharti lako, kwamba hakuna kitu kinachokwenda kwa mchapaji kabla hakijasimuliwa kwa watu wa kule kilikotoka, kwa kusimama, na maswali yaulizwe. Wakati wa ugonjwa wako sharti hilo lilikuwa limelala. Gabriel aliguna. Alisema akina mama watamwomba sindano tu, maana kule Kenya wanamwita munganga wa mabuku, wa vitabu, na hawaelewi ni mganga gani asiyechoma sindano.

Mama Filomena alitupa lupango, ua wa nyumba yenu. Jumamosi ile tulitandika mikeka pale pale tulipokaa wakati wa kilio chako. Akina mama waliokuwa wakileta watoto kwenye mizani ya Gabriel walikuja nao mgongoni, wakaketi chini. Mama Filomena alikuwa bado katika nguo nyeusi, mlangoni. Joris alikuja kusikiliza, akasimama upande wa ukuta. Gabriel alivua kofia, akaweka mkono kifuani, na kwa kuwa nilimwambia afuate utaratibu wa kilio, kijana huyo akaufuata wote, mpaka sauti ile ya chini. "Bandugu, mutulie. Minataka kubaelezea vile bugonjwa ilianza."

Mwalimu, fikiria mtu anayepita barabarani. Anaona lupango la mjane, wanawake wameketi chini, mwanamume amesimama kofia mkononi anaeleza ugonjwa. Mama mmoja aliyekuwa amebeba beseni la sombe, majani ya muhogo, aliliweka chini langoni, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kulia kwamba kifo kimerudia lupango la Mwalimu. Wa pili akamfuata. Kabla Gabriel hajafika kwenye sehemu ya uji wa mahindi wanaolishwa watoto, barabara nzima ilikuwa ndani. Mzee mmoja wa reli aliingia na kuni begani. Jirani alileta unga. Mtu alikwenda kumwita katekista, naye akafika anahema, kitabu cha nyimbo mkononi, akiuliza aanze wimbo gani. Joris alikuwa amevua kofia, macho yamejaa machozi, akaninong'oneza, "Ni nani alikufa?" Alikuwa analia kwa sababu wengine wanalia.

Gabriel alinitazama kama mtu aliyevunja sahani ya mkwe. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso, na sijui kama nilikuwa nacheka au nakulilia. Nafikiri yote mawili.

Aliyetuokoa ni mkeo. Alitoka mlangoni, akainua mikono, akasema, "Bamama, hakuna maiti hapa. Kuko masomo tu. Lakini mwikale." Walitazamana. Halafu, Mwalimu, walikaa. Walishafunga vitenge, kuni zilishafika, na nani anaondoka kwenye kilio kabla ya chakula. Katekista alifunga kitabu chake akaketi mbele kabisa.

Basi Gabriel alianza tena, na safari hii hakuwa na pa kujificha. Watu wale walikuwa wamekuja kusikia ugonjwa, na ugonjwa wanajua kuusikiliza. Alisema watoto aliwapima wapi na kwa mizani gani. Alisema aliona wale wanaolishwa uji mtupu wa mahindi baada ya ziwa ndio wanaovimba, na kwamba aliwaomba akina mama kutia karanga za kusaga au maharagwe, na wengi wakapata nafuu. Walimwuliza karanga kiasi gani, mbichi au za kukaanga. Mzee wa reli aliuliza kama samaki mkavu anafaa. Katekista aliuliza kwa nini mambo haya hayasemwi kanisani. Gabriel alijibu, akafuta jasho, na nilimwona anaacha ile sauti ya chini na kuzungumza kwa sauti yake. Alipomaliza wakasema, mmoja hapa, mwingine pale, "Tumesikia."

Mama mmoja hakusema. Ni Mama Yumba, anayekaa nyuma ya soko. Alikuwa ameketi na mikono mitupu, hana mtoto mgongoni. "Mimi bado," alisema. "Ngoie wangu iko wapi mu ile habari yako? Nilikuwa namuleta ku muzani kila juma. Kisha akakufa. Weye unasema batoto banapona."

Gabriel alifungua karatasi zake, akazifunga tena. Katika makala yake alikuwa ameandika habari za watoto waliofika kwenye mizani hadi mwisho. Waliokoma kuja hawakupewa hata sentensi moja. Hakudanganya, Mwalimu, vitabu alivyosoma viliandikwa hivyo, na mimi niliisoma makala ile mara nyingi na tundu lile sikuliona. Sijui kama wewe uliliona. Penseli yako ilikuwa haijafika huko.

Tulikula bukari lile la kilio kisicho na maiti, kwa sombe ya yule mama wa kwanza, na watu wakaenda zao wamefurahi. Gabriel peke yake hakula. Aliniambia atamwandikia Profesa kwamba anaacha. Nilikasirika. Nilimwambia hapa hakuna anayeacha, maana mama yule amemwuliza swali na hajajibiwa, na mtu haondoki kwenye kilio hali ameulizwa swali.

Tukaanza kuwatafuta. Tulipita nyumba kwa nyumba Kenya, Gabriel na mimi, baada ya kazi, tukiuliza watoto waliokoma kuja. Milango mingine ilifunguliwa na mtoto mwenyewe, amenona, mama alichoka tu kupanga foleni. Wengine walikuwa wamehamia Kambove pamoja na baba zao, na huko Joris alitutafutia alipokwenda kwa ajili ya mawe yake. Alirudi amejaa vumbi na habari njema za wawili wanaocheza mpira, na amesahau mfuko wa mawe kwenye treni. Na wengine, Mwalimu, walikuwa wamekufa. Mama zao walitupa viti. Hakuna hata mmoja aliyetufukuza. Walieleza, kama unavyojua wanavyoeleza, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Gabriel aliandika, na mara mbili nilimwona akiweka kalamu chini ili alie vizuri.

Tulipoyaweka yote pamoja, makala ilipungua majivuno. Uji wa karanga ulisaidia watoto walioletwa mapema. Waliokwisha kuvimba sana, wengi haukuwafaa, na ni wao waliokuwa wametoweka kwenye mizani. Gabriel aliandika hivyo, kwa sentensi fupi, akamalizia na sehemu yako ya nne, yale ambayo bado hatujui. Alivua tai zote. Nilipeleka kwa Profesa. Alisoma akisimama dirishani, akasema majarida hayapendi makala inayokiri hivi. Nilimjibu kwamba pahali unapoacha tundu watu watatia jina la mtu, na kwamba maneno hayo ni yako. Halafu alipiga chafya kubwa, akatafuta kalamu, akatia sahihi.

Tulingoja. Mvua zilianza, jakaranda zikamwaga maua yote, na mimi kila asubuhi nilifungua mfuko wa posta kabla sijaketi. Barua ya kamati ilipofika nilimpa Gabriel aifungue mwenyewe. Wamekubali. Walidai mikato michache ihamishwe, na wakaandika kwamba sasa wanaona alifanya nini na aliona nini. Gabriel alinikumbatia mbele ya wapiga mashine wote. Ataitetea kazi yake baada ya kiangazi. Profesa amesema chumba kibaki cha masomo, na Jumamosi iliyopita viti havikutosha, maana wamesikia kuna darasa ambalo watu hulia halafu wanakula.

Kuna kitu kingine ningependa ukisikie kwa masikio yako. Asubuhi, nikipita Kenya kwenda kazini, nasikia vinu. Zamani vilikuwa vya mahindi tu. Sasa ninaijua harufu inayotoka malangoni, ya karanga zilizokaangwa. Inanifuata mpaka barabara kubwa, na siku hizo nafika ofisini nimechelewa na simwombi mtu radhi.

Jarida lenyewe lilipotoka, Gabriel hakutaka kulipeleka kwa yeyote kabla ya Mama Yumba. Tulimkuta anapepeta unga. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatuketisha, akasema kwamba yeye hasomi. Gabriel alichukua kidole cha mama huyo, akakiweka juu ya sentensi inayoeleza watoto waliokufa, akamsomea kwa Kiswahili cha hapa, taratibu, pamoja na ule mstari kwamba mama zao waliwaleta kila juma mpaka mwisho. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, mahali pa shukrani. Mama Yumba alikuwa amempa ruhusa ya kumtaja mtoto. Akahamisha kidole, akakiweka juu ya jina. Ngoie.

Hakukiondoa. Unga ulikuwa bado umeshika kucha zake, na karatasi ikachafuka kidogo pale. Sisi wawili tulikuwa tunatazama chini. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango vizuri ili mvua isiingie, "Sasa nimesikia."

Nakala ile tulimwachia yeye.

Mwalimu, hiyo ndiyo habari, ilivyoanza na ilivyoishia. Nisichokijua bado ni kingi. Sijui kwa nini figo zako. Sijui kwa nini mtu aliyetufundisha kusema wazi aliificha miguu yake ndani ya soksi hadi ikashindikana, na nimekukasirikia kwa hilo, na nakukosa sana. Mama Filomena ni mzima. Amenipa penseli yako nyekundu. Nimeichonga mara moja tu, nikaona inakuwa fupi, sasa nachonga nyingine. Jumamosi ijayo ni zamu ya Joris kusimama mbele ya wachimbaji na kuwaeleza mawe yao. Ana hofu, anaomba tusiite katekista.

Lala vizuri huko uliko, bila viatu. Mimi nimebaki na watoto wako hawa wa doctorat, na sitawaacha wachapishe chochote ambacho hawajakisimulia kwa waliokitoa, na nikimwona mtu ameachwa nje ya maneno sitanyamaza. Hilo nakuahidi kwa hakika, na safari hii, tafadhali, usilikate.

Mwanafunzi wako,
Monsieur Certainement